Rafu ya Fundi Cherehani

Kuna watu huamka na hasira kama wengine wanavyoamka na kikohozi. Nilipofika dukani kwa Mama Bucha Jumamosi asubuhi, begi bado begani, nilimkuta kizingitini amemzibia njia bibi harusi. Bibi harusi alikuwa na shela lake, na nyuma yake mpiga picha amebeba mwavuli mweupe wa taa.

"Umesoma kipi humu ndani?" Mama Bucha alimuuliza.

"Hatusomi, mama. Tunataka picha tu. Tumeambiwa duka lako lina mandhari."

"Kwa muuza majeneza pale kona kuna mbao nzuri kuliko hizi. Nendeni mkapige huko, na mwangaza upo."

Waliondoka, bibi harusi akiwa ameshika pindo la gauni lisiguse maji machafu ya mtaro. Mama Bucha akanigeukia.

"Na wewe una kamera?"

"Nina njaa."

"Hiyo inatibika," alisema, akafunga mlango kwa kufuli.

Nilikuwa nimeenda katika jiji lile kwa siku mbili tu, kwa ajili ya duka lake. Nimeingia maduka ya vitabu yaliyomo ndani ya makanisa ya zamani, ndani ya mabehewa, hata moja lililokuwa ndani ya bwawa la kuogelea lililokauka, na mara nyingi nimetoka na hisia kwamba mwenye duka alipenda jengo kuliko vitabu. La Mama Bucha nilisimuliwa na abiria mwenzangu katika safari ndefu, na alichonisimulia hakikuwa jengo. Chumba cha juu anakipangisha kwa wageni. Nilikuwa nimempigia simu mapema, akaniuliza kama nakoroma.

Kifungua kinywa tulikula ng'ambo ya barabara, kwenye kibanda chenye mabenchi mawili na chai inayotolewa kwa vikombe vya bati. Mwanamke anayepakua maharage alimtazama mara moja tu akajua.

"Leo umegombana na nani, shoga?"

"Bibi harusi."

"Hata bwana harusi hajaanza, wewe umeshaanza."

Benchi zima likacheka, na Mama Bucha akacheka pia, mdomo umejaa mkate. Hasira zake za kila siku ndivyo zilivyo. Zinapita kama lori, vyombo vinatikisika, kisha kimya. Nalisema hili ili ieleweke kwamba hasira niliyoiona baadaye siku ile ilikuwa ya ukoo mwingine.

Jina lenyewe alilipata kwa jengo. Duka lake lilikuwa bucha. Vigae vyeupe vingali ukutani hadi darini, na juu imepita reli ya chuma yenye kulabu zilizokuwa zikining'iniza nyama. Sasa kulabu hizo zinaning'iniza taa. Chumba cha baridi, chenye mlango mnene kama wa sefu, ndipo anapohifadhi vitabu anavyohofia vitaliwa na mchwa. Siku za joto bado kunatoka harufu ya shahamu kwa mbali. Wateja wakiilalamikia anawaambia vitabu vyenyewe ni vya marehemu na havijawahi kulalamika.

Na kweli ni vya marehemu. Kabla ya duka, yeye na mumewe walikuwa na lori la kuhamisha watu nyumba. Mume aliendesha, yeye alifunga mizigo. Alikuwa na sifa ya kufunga sahani zisivunjike hata kwenye barabara ya mashimo, na mafundo yake ya kamba hakuna aliyeweza kuyafungua ila yeye. Kazi nyingi, alinieleza, zilikuwa za misiba. Mzee amefariki, watoto wanagawana. Wanagombea friji, wanagombea kitanda, mashemeji wanatazamana kwa jicho la pembeni juu ya cherehani. Kisha wanafika kwenye vitabu na wote wanapatana ghafla.

"'Hivyo tupeni tu,'" Mama Bucha alisema, akiiga sauti ya mtu anayefukuza nzi. "Kila nyumba, maneno yale yale. Mimi shule sikufika mbali, mgeni. Lakini nilikuwa navifunga. Ukivifunga vitabu vya mtu, vyote, kwa mikono yako, unamwona. Huyu alianza kusoma mambo ya nyuki akaacha. Huyu alikuwa anaogopa kufa. Huyu alimpenda mtu wa ng'ambo. Ukivitawanya unabaki na karatasi."

Akaanza kuvipeleka kwake. Mumewe alivumilia mpaka siku alipokosa pa kulala, akamwambia achague. Bucha ilikuwa imefungwa na hakuna aliyeitaka kwa sababu ya harufu. Waliisugua pamoja, wiki nzima, kwa siki na sabuni. Mume alifariki kabla ya kuliona duka likijaa. Rafu yake mwenyewe ipo, ya chini kabisa karibu na mlango, ina vitabu vinne vya kutengeneza injini na kimoja cha kupika.

Hivyo ndivyo duka lilivyopangwa. Hakuna upande wa historia wala upande wa hadithi. Kuna rafu ya Nesi, rafu ya Dereva wa Lori, rafu ya Mkaguzi wa Kodi, rafu ya Dada Wawili. Vitabu vya mtu mmoja vinakaa pamoja kama alivyoviacha. Unaweza kununua kimoja, na pengo lake haliachwi wazi. Anaweka kibao chembamba mahali pake. Rafu nzima haiuzwi. Rafu nzima inatolewa bure, kwa mtu mmoja tu wa aina moja: anayeweka mkono juu yake na kuahidi kwamba hatavitenganisha.

"Na wangapi wameahidi?"

"Mmoja."

Alinipeleka kwenye rafu tupu kama mtu anayekuonyesha picha ya mwanawe aliyefaulu. Hapo, alisema, ndipo alipokaa Fundi Cherehani. Alikuwa mshonaji wa mtaa wa nyuma, akisoma huku anashona, kitabu kimeegemezwa kwenye gurudumu la cherehani. Hakuwahi kushika kalamu akisoma, maana mkononi siku zote kulikuwa na sindano. Alipofika kwenye maneno yaliyomgusa aliyatoboa kwa chini, tundu moja moja, mstari mzima. Ukiisoma karatasi juu ya meza huoni kitu. Ukiinyanyua kwenye mwanga, mstari unawaka.

Binti yake wa pekee anaendesha kreni bandarini, nchi nyingine, akilala kwenye bweni la wafanyakazi lenye vitanda vya ghorofa. Hakuwa na pa kuviweka. Kila mwaka akipata likizo huja dukani, hukaa kwenye kiti cha mchinjaji, huchukua kitabu kimoja cha baba yake na kukinyanyua kwenye taa ukurasa kwa ukurasa.

"Anakuja kesho," Mama Bucha alisema. "Na hajui bado. Nimemwekea iwe habari njema. Baba yake amepata nyumba."

Aliyechukua rafu ile ni mwenye mkahawa mpya, mtu anayeitwa Tabasamu na mtaa mzima kwa sababu meno yake hayapumziki. Alikuja jioni moja, akasimama mbele ya vitabu vya Fundi muda mrefu, akasema babu yake naye alikuwa fundi cherehani. Machozi yakamlenga. Akaweka mkono juu ya rafu, akaahidi. Mama Bucha alivifunga mwenyewe kwa kamba zake, akasaidia kuvipakia.

Tangu mkahawa ufunguliwe Tabasamu alikuwa akimwalika, naye hakuwa ameenda bado. Sasa alikuwa na sababu. Alitaka kumwomba Tabasamu amkaribishe binti wa Fundi kesho avisome pale. Nami nilikuwa nimesikia mkahawa huo unasifiwa. Mchana tukaenda, yeye amevaa viatu vya kutokea.

Mkahawa ulikuwa mzuri, na lazima niseme hivyo, kwa kuwa nimekula kwingi na sioni haja ya kusingizia chakula. Samaki alikaangwa na mtu anayejua. Meza zilikuwa za mbao zilizosuguliwa, madirisha makubwa. Na ukuta wa mbele, kutoka kiunoni hadi darini, ulikuwa wa vitabu.

"Ameviweka mbele za watu," Mama Bucha alisema taratibu, na uso wake ukalainika kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu asubuhi. "Tazama. Kwa mpangilio ule ule."

Aliusogelea ukuta. Akachagua kimoja, akakishika mgongo kwa vidole viwili kama mtu aliyezoea, akavuta. Hakikuja. Akashika cha pili. Akakivuta kwa nguvu zaidi, na nilisikia kucha yake ikiteleza kwenye gundi. Kisha akaweka kiganja ukutani na kukipitisha polepole, kama mtu anayepapasa paji la mgonjwa. Ilikuwa migongo tu. Seremala alikuwa ameikata kwa msumeno, ikabaki na unene wa kidole, ikabandikwa kwenye ubao.

Alirudi akaketi. Wakati huo huo mhudumu akaleta viazi vya kukaanga katika kikapu kidogo, na ndani ya kikapu, chini ya viazi, karatasi ya kitabu. Meza ya jirani walikuwa nayo pia. Mwanamume mmoja alikuwa akisomea wenzake sentensi kutoka chini ya samaki wake, wakicheka.

Mama Bucha alivimwaga viazi mezani. Akaichukua karatasi, akaikung'uta chumvi, akainyanyua kwenye dirisha. Mafuta yalikuwa yameifanya ipitishe mwanga kama kioo cha bafuni, na katikati yake, mstari mmoja na nusu, matundu ya sindano yaliwaka.

Tabasamu alikuja akiwa amenyoosha mikono yote miwili.

"Mama mzazi! Hatimaye umefika. Na mgeni umeniletea. Leo hamlipi kitu."

"Vya ndani viko wapi?"

"Vya ndani vipi, mama?"

"Vitabu."

"Si hivyo." Akaonyesha ukuta. "Watu wanavipenda mno. Wanakuja kwa ajili yake."

"Hizo ni ngozi. Nakuuliza nyama iko wapi."

Meno yakapungua kidogo. "Mama, tusigombane mbele za wateja. Uliniambia nisivitenganishe. Mimi nimetenganisha kipi? Hata seremala nilimsimamia: hiki kianze, hiki kifuate, kama ulivyovifunga. Vimegandishwa, mama. Havitatengana milele. Nani mwingine angekutimizia ahadi namna hiyo?"

Nimezunguka sana na nimesikia watu wakijitetea kwa lugha nyingi. Kinachonichemsha damu si mwongo. Mwongo unaweza kumkamata. Ni huyu anayeshika maneno yako, yote, bila kuangusha hata moja, na kuyatumia kukuvua nguo. Nilisimama. Mama Bucha akanishika mkono wa shati, akanikalisha kama mtoto.

"Babu yako alikuwa fundi cherehani?" alimuuliza.

"Ah, mama. Nani hana babu aliyewahi kushona kitu?"

Nilisubiri afoke. Huyu ndiye aliyemtimua bibi harusi kwa kosa la kutaka picha. Lakini alisimama tu, akaenda meza ya jirani, akachomoa karatasi chini ya samaki wa yule mwanamume.

"Mama, bado nakula," mwanamume alisema.

"Kula. Karatasi ndiyo yangu."

Alipita meza kwa meza. Hakuharakisha, hakuomba radhi. Mwanamke mmoja mwenye miwani ya bei alimwambia hii ni aibu, naye akamjibu, "Ndiyo, na umeikalia kwa kiwiko," akavuta. Tabasamu alimfuata nyuma akinong'ona. Angemlipa. Angeandika jina la duka lake kwa rangi ya dhahabu pale ukutani, wateja wajue vilikotoka. Hapo ndipo Mama Bucha alipogeuka.

"Andika jina lako," alisema. "Mimi nilikupa vikiwa hai."

Jikoni, mpishi, mwanamke mnene mwenye leso kichwani, alikuwa amesikia kila kitu kupitia dirisha la kupitishia sahani. Alifungua stoo bila kuulizwa na kututolea viroba viwili vya karatasi zilizobaki.

"Chukua, mama. Nilimwambia wino hauliki. Akaniambia wateja wanapenda."

"Na zilizokwisha kutumika?"

Mpishi akaangalia pipa la taka, kisha akaangalia sakafu.

Jioni ile Mama Bucha hakula. Alikaa kwenye kiti cha mchinjaji, viroba miguuni. Nilimwambia kosa si lake. Aliniambia nikalale.

Binti wa Fundi alifika Jumapili kabla ya adhuhuri. Ni mwanamke mrefu mwenye mabega ya kazi, na ana namna ya kutazama vitu kutoka juu hata anapokuwa amesimama chini, nadhani kwa ajili ya kreni. Alimwamkia Mama Bucha, akamkumbatia, akamtania kwamba amenenepa kwa kugombana na watu. Kisha akageukia rafu ya baba yake na kuikuta tupu.

Mama Bucha alimweleza kwa kifupi, bila kujipamba. Alisema alitoa, kwa nani, na kilichotokea. Akavisogeza viroba.

Binti alipitisha kiganja juu ya rafu tupu.

"Ungenipigia simu," alisema.

"Nikwambie nini, mwanangu? Nilidhani nimempatia baba yako nyumba."

"Baba alikuwa na nyumba. Ilikuwa hapa."

"Kanuni uliijua. Nilikueleza siku ile ile ulipovileta."

"Niliijua. Na niliamini hakuna kichaa atakayetaka vitabu vyote vya mshona suruali. Ndiyo sababu nilivileta kwako na si kwingine. Nilidhani kwako vitakosa mtu."

Nilimtazama Mama Bucha. Nimeona watu wakipigwa kofi wakavumilia vizuri zaidi.

Binti alikaa sakafuni kwenye vigae, akaanza. Alinyanyua karatasi moja moja kwenye taa, nyingi zikiwa nusu, nyingine zimenata kwa mafuta mpaka zikatoka mbili kwa pamoja. Isiyo na matundu aliitupa upande wa kushoto. Yenye matundu aliilaza kwenye goti. Nilijitolea kusaidia, akasema hapana bila kunitazama. Kazi ilichukua alasiri yote. Mama Bucha alivuka barabara, akarudi na bakuli la supu na mkate, akaviweka karibu naye. Supu ilipoa ikafanya utando.

Mwishoni rundo la goti halikuzidi unene wa gazeti. Alilifunga kwa skafu yake, akalitia kwenye mkoba.

"Hizo nyingine?" Mama Bucha aliuliza, akionyesha kilima cha kushoto.

"Hizo ni zako. Si unapenda kukusanya?"

"Mwanangu, hasira ni haki yako. Lakini mwakani njoo, hata kama—"

"Mwakani nitaenda kwingine na likizo yangu."

Alitoka. Hakugonga mlango, na nadhani Mama Bucha angependelea augonge.

Basi langu lilikuwa la jioni. Nilishusha begi langu, nikamkuta Mama Bucha akizoa karatasi za kushoto, si kuzitupa, anazilinganisha kingo kama mtu anayejaribu kurudisha kitu kinachoeleweka. Ndipo mlango ukafunguliwa wakaingia mume na mke, wauguzi wote wawili, bado na viatu vyao vyeupe vya kazi. Mama Bucha alikuwa ameshanisimulia habari zao jana yake asubuhi, kwenye kibanda cha maharage. Kwa miaka wamekuwa wakinunua kutoka rafu ya Nesi, kimoja kimoja, wakisomeana kwa zamu, na kila wakimaliza wanakuja kubishana naye kuhusu Nesi alikuwa mtu wa namna gani. Mke anasema alikuwa mpweke. Mume anasema alikuwa mchokozi. Mama Bucha alikuwa akingoja tu wapate nafasi.

"Mama," mke alisema, na furaha ilikuwa imemjaa hata hakuona alichoshika Mama Bucha mkononi, "tumepata nyumba. Ina chumba cha ziada. Huyu amekwisha pigilia rafu. Na vile tulivyonunua vinarudi safuni mahali pake, hakuna kibao hata kimoja kitakachobaki."

Mume akaweka mkono juu ya rafu ya Nesi. Alikuwa amejipanga kusema maneno. Alikohoa kidogo kwanza.

"Toa mkono," Mama Bucha alisema.

"Mama?"

"Rafu haitolewi. Kimoja kimoja, kama kawaida."

Mke alicheka, akidhani ni utani wake wa siku zote. Kisha akaacha. "Mama, sisi unatujua."

"Na yule nilimjua. Alilia machozi hapo hapo mlipo."

"Nani?"

Mama Bucha akarudi kulinganisha karatasi zake. Nilitaka kusema kitu, niwaeleze, nimweleze yeye. Nilimtazama usoni nikaona hakuna mlango. Tabasamu alikuwa ng'ambo ya mitaa miwili wakati ule, mkahawa umejaa watu wa Jumapili, ukuta mzima juu yao, na hakuna kitakachompata. Hilo ndilo lililonipanda kichwani na halijashuka hadi leo.

Mume aliondoa mkono wake, akaufuta kwenye suruali ingawa haukuwa na vumbi. Mke alikuwa ameshika kitabu kimoja cha Nesi. Alikirudisha mahali pake, akakisukuma kwa kidole mpaka kikawa sawa na wenzake, wakatoka.

Mama Bucha hakuwaita.